Maegesho Yaliyogeuka Lango la Nchi: Uchambuzi wa Kisa cha Moto wa JKIA, 2013

Kisa chenyewe

Alfajiri ya Jumatano, tarehe 7 Agosti 2013, ukumbi wa kuwasili abiria wa kimataifa katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, uliteketea. Hakuna aliyekufa. Siku hiyo hiyo ndege za ndani zilirudi angani, na Alhamisi asubuhi ndege ya kwanza ya kimataifa, iliyotoka London, ikatua. Uwanja unaotegemewa na Afrika Mashariki nzima ulikuwa umepoteza lango lake kuu, na kabla jua halijachwa mara ya pili abiria walikuwa wanapita tena. Mimi nalihesabu hilo miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizowahi kufanywa na watumishi wa umma wa Kenya.

Hata hivyo, ninaposomesha kisa hiki kwa watu wanaosimamia bandari, stesheni na hospitali, siishii Alhamisi. Naendelea mpaka 2024, kwa sababu uokoaji wa siku mbili zile ulizaa vitu vya muda, na vitu vya muda vikakaa. Nia yangu hapa ni kufuata jinsi kiraka kilichoshonwa vizuri kilivyogeuka nguo yenyewe.

Majina ya watu waliohusika na ya kampuni nyingi nimeyaacha kusudi. Wahusika nawataja kwa kazi zao. Jina la uwanja halifichiki, maana hakuna mwingine wenye historia hii.

Usuli: udongo mweusi wa Embakasi

Kabla ya Embakasi, ndege za abiria wa Nairobi zilitua Eastleigh, penye kambi ambayo leo ni ya jeshi la anga la Kenya. Miaka ya 1950 ndege zilikuwa zinakua, injini za jeti zinakaribia, na Eastleigh ilikuwa imebanwa na mji. Serikali ya kikoloni ikachagua tambarare ya Embakasi, kusini mashariki ya Nairobi.

Wakati wenyewe ulikuwa wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Karibu na eneo la ujenzi palikuwa na kambi ya wafungwa wa Mau Mau, na wafungwa hao ndio waliotumikishwa kuchimba na kusawazisha ardhi. Anayeujua udongo wa Embakasi ataelewa kazi hiyo ilikuwa ya namna gani. Ni ule mweusi wa mfinyanzi: mvua ikinyesha unashika kiatu hadi kinavuka mguuni, jua likiwaka unapasuka nyufa za kutumbukiza mkono. Udongo huo haubebi barabara, seuze ndege. Lazima uondolewe na mahali pake pajazwe mawe na kifusi. Uwanja ukafunguliwa na gavana Mei 1958. Kila nikisikia mtu anaita Embakasi "zawadi ya mkoloni", nakumbuka ni mikono ya nani iliyobeba kifusi kile.

Kuna jambo la maumbile ambalo msomaji anapaswa kulishika tangu sasa. Uwanja uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, bawa halibebwi kama linavyobebwa Mombasa, na mchana wa joto hali huzidi. Ndege nzito inayokwenda mbali huhitaji kukimbia sana kabla ya kuinuka. Ndiyo sababu njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Na ni moja tu.

Mwaka 1972 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha fedha za jengo jipya la abiria upande wa pili wa njia ile ya kurukia, pamoja na eneo la mizigo, kituo cha zimamoto na barabara ya kuingilia. Jengo likafunguliwa Machi 1978. Kati ya mkopo na ufunguzi dunia ya hapa ilikuwa imebadilika: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, shirika la ndege la pamoja la East African Airways likafa nayo, na Kenya Airways ikazaliwa mwaka huo huo. Mzee Kenyatta akafariki tarehe 22 Agosti 1978, na uwanja ukapewa jina lake.

Jengo la 1978 lilichorwa kwa umbo la nusu duara. Vitengo vitatu vimejipanga kwenye upinde, ndege zinaegesha upande wa nje, magari yanaingia upande wa ndani. Abiria alikuwa na hatua chache tu kutoka teksi hadi mlango wa ndege. Lilikuwa jengo zuri kwa lililokusudiwa, yaani abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Tatizo la nusu duara ni kwamba haiongezeki kirahisi. Jengo lililonyooka unalirefusha pande zote mbili, lakini upinde ukishajaa umejaa.

Nao ukajaa. Kenya Airways ilibinafsishwa 1996 ikishirikiana na KLM, shirika la ndege la Uholanzi, Nairobi ikawa mahali pa kubadilishia ndege kati ya Ulaya, Asia na miji ya Afrika, na kufikia 2013 abiria walikuwa wakikaribia milioni 6 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya waliokusudiwa. Maduka yakasogezwa, kuta za kugawia zikawekwa, madawati yakaongezwa, nyaya zikapitishwa juu ya nyaya. Jengo jipya la abiria lilikuwa linajengwa pembeni, wakati huo likiitwa kitengo cha nne, pamoja na maegesho ya ghorofa ya magari. Tuyakumbuke maegesho hayo.

Alfajiri ya moto

Ishara zilikuwapo. Mwishoni mwa Julai wapangaji wa maduka yasiyotozwa ushuru walikuwa wameondolewa kwa nguvu baada ya mgogoro mrefu. Siku mbili kabla ya moto, hitilafu kwenye mfumo wa kusukuma mafuta ya ndege ilichelewesha safari kadhaa. Sisemi mambo haya yaliwasha moto. Nayataja kwa sababu yanaonyesha uwanja ulivyokuwa unafanya kazi bila pumzi ya akiba.

Moto ulionekana kabla ya saa kumi na moja alfajiri, sehemu ya uhamiaji kwenye ukumbi wa kuwasili. Saa hiyo ndiyo saa ya Nairobi. Ndege za usiku kutoka Ulaya zinakaribia kufika, na ndege za asubuhi za kwenda miji ya Afrika zinawasubiri abiria wao. Palikuwa pia katikati ya msimu mkuu wa utalii, nyumbu wakiwa Mara, na Ramadhani ikielekea mwisho, familia zikisafiri kwa Idi.

Tarehe nayo ilitisha. Ilikuwa miaka 15 kamili tangu mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 yaliyolipua balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Mtu yeyote wa Nairobi aliyeamshwa na simu alfajiri ile na kuambiwa uwanja unawaka, wazo lake la kwanza lilikuwa moja. Wachunguzi, wakisaidiwa na wataalamu kutoka Marekani, hawakuona dalili ya bomu, na hitilafu ya umeme ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo. Lakini kwa saa zile za kwanza kila uamuzi ulifanywa na watu waliokuwa wanadhani huenda wameshambuliwa.

Kuuzima kulikuwa kugumu. Magari ya zimamoto ya uwanja, ya kaunti, ya kampuni binafsi na ya jeshi yalikusanyika kwa nyakati tofauti, mengine yakihangaika na msongamano wa Barabara ya Mombasa. Maji hayakutosha. Palionekana watu wakipokezana ndoo. Mpaka moto unadhibitiwa asubuhi, ukumbi wote ulikuwa umebaki nguzo na mabati yaliyojikunja, na moshi mweusi ulionekana kutoka mbali mjini. Abiria na mizigo yao walikaa nje, kwenye nyasi na kando ya barabara. Baadaye askari kadhaa walifikishwa mahakamani wakishtakiwa kwa wizi uliofanywa moto ukiwa unaendelea.

Maamuzi ya siku mbili

Uamuzi wa kwanza haukuwa na mjadala: kufunga uwanja na kuelekeza ndege zilizokuwa angani kwenda Mombasa na viwanja vingine, vikiwamo vya nchi jirani.

Wa pili ndio wenye somo. Wakubwa walikuwa na njia mbili. Wangeweza kusema uwanja hauna jengo, kwa hiyo umefungwa mpaka jengo lipatikane, na safari za kimataifa zote zihamie Mombasa. Au wangeweza kuuliza kwanza ni nini hasa kilichoungua. Waliuliza. Njia ya kurukia ilikuwa salama, mnara wa kuongozea ndege pia. Matangi ya mafuta, eneo la mizigo na kitengo cha tatu cha safari za ndani vyote vilikuwa vizima. Kilichokufa ni kazi moja tu, ya kumpokea mtu anayetoka nje ya nchi: kumgongea pasipoti, kumpa begi lake, kumpitisha forodha. Kazi ambayo kimsingi inahitaji paa, meza, mihuri, ulinzi na maafisa.

Ukishaliona hivyo, jibu linakuja. Ndege za ndani na za mizigo zilianza siku hiyo hiyo. Kitengo cha ndani kikachukua sehemu ya kazi ya kimataifa, abiria wa ndani wakasogezwa pengine, mahema meupe yakasimamishwa kwenye lami. Rais, aliyefika kujionea, aliamuru sakafu ya chini ya maegesho mapya ya magari igeuzwe ukumbi wa kuwasili.

Kwa nini haraka yote hiyo? Mtu wa mbali anaweza kudhani ni heshima ya taifa. Ilikuwa zaidi ya hapo. Waridi linalokatwa Naivasha asubuhi linatakiwa liwe Uholanzi kabla halijafunguka, na mengi husafiri tumboni mwa ndege za abiria, si za mizigo peke yake. Abiria wa kubadilisha ndege naye hana subira: akikosa Nairobi wiki mbili, wakala wake atampitisha Addis Ababa, na akiizoea Addis harudi. Kuhamia Mombasa kungewaokoa watalii wa pwani, lakini kungekata uzi unaoshona Kigali, Lusaka, Juba na Amsterdam kwenye kitambaa kimoja.

Tusimame kidogo kwenye hema. Afisa wa uhamiaji aliyezoea kaunta, kompyuta na kioo sasa yuko kwenye meza ya kukunja. Mbele yake umesimama mstari wa watu waliokesha angani, wenye watoto na mabegi ya mkononi. Kazi iliyofanywa na mashine imerudi mikononi. Waliokuwa pale ni maafisa wa ngazi ya chini, wengi wao hawajalala tangu moto uanze, na nchi nzima ilikuwa imewekwa juu ya mihuri yao. Ripoti za aina hii humaliza wino kwa mawaziri. Mimi ningependa tuwape maafisa wale sehemu yao.

Kutoka hema hadi jengo la muda

Baada ya wiki za kwanza kazi iligawanyika njia tatu.

Kitengo cha nne, kilichobadilishwa jina kuwa Jengo 1A, kilianza kutumika 2014, Kenya Airways na washirika wake wakahamia humo. Huu ulikuwa mpango wa kabla ya moto. Moto uliuharakisha tu. Jengo 2 likajengwa kwa vipande vilivyotengenezwa kiwandani na kuunganishwa hapo, likafunguliwa 2015 kubeba abiria wapatao milioni 2.5 kwa mwaka. Halina madaraja ya kumpitisha abiria moja kwa moja hadi mlango wa ndege, hivyo watu hutembea au hupanda basi. Lilitangazwa tangu mwanzo kuwa ni la muda.

Na maegesho? Yalifungwa kuta, yakawekewa taa, kaunta na mikanda ya mizigo, yakapewa jina 1E. Herufi hiyo moja naitazama sana. Kitu kikiitwa "ukumbi wa dharura" kila anayekipita anakumbuka kuwa kuna deni. Kikiitwa 1E kinakaa kwenye ramani sawa na vingine, na deni linasahauliwa.

Jengo ambalo halikujengwa

Suluhisho la kudumu lilikuwa na jina: Greenfield. Jengo jipya kabisa, la abiria milioni 20 kwa mwaka, gharama ya shilingi bilioni 56 hivi, kazi wakapewa wakandarasi kutoka China. Mwishoni mwa 2013, miezi michache baada ya moto, Rais aliuzindua ujenzi.

Halafu nyakati zikageuka. Septemba 2013 Nairobi ilikuwa imeshapata msiba wa Westgate, shambulio la kigaidi kwenye jumba la maduka, uliochukua roho 67. Tahadhari za nchi za Magharibi kwa wasafiri zikafuata, hoteli za pwani zikafunga milango, na mwaka 2014 Ebola ya Afrika Magharibi ikavuruga safari za bara zima. Kenya Airways, mteja mkuu wa jengo hilo, ikaanza kutangaza hasara kubwa. Machi 2016 mkataba ukasitishwa, huku zaidi ya shilingi bilioni 4 zikiwa zimekwisha kulipwa kama malipo ya awali. Jengo halikuonekana.

Nakataa maelezo mepesi kwamba ni ufisadi tu au ni bahati mbaya tu. Maswali ya mahali zilipokwenda fedha zile ni ya haki, na wakaguzi wa serikali waliyauliza. Lakini kuna sababu nyingine isiyosemwa mara nyingi: kufikia 2016 hakuna aliyekuwa anaumia vya kutosha. Jengo 1A lilikuwa linang'aa, Jengo 2 linapokea watu, 1E linapitisha watu. Mwaka 2013 kama hema lingevuja, jengo jipya lingekuwa suala la uhai. Mwaka 2016 lilikuwa suala la bajeti.

Matokeo

Mengine yalikwenda vizuri, na lazima yasemwe. Mwaka 2017 mamlaka ya anga ya Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama. Safari za moja kwa moja za Marekani zilidai, pamoja na mengine, abiria wanaowasili watenganishwe na wanaoondoka, jambo lililoshindikana kwenye jengo la 1978 jinsi lilivyokuwa. Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya kwanza ya moja kwa moja ya Kenya Airways iliondoka Nairobi kwenda New York. Iliondoka usiku, hewa ikiwa imepoa na kuwa nzito, kwa sababu ile ile ya mita 1,624 niliyoitaja.

Mengine yaliendelea kuoza chini kwa chini. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika sehemu kubwa ya nchi, na jenereta za uwanja hazikuliwasha jengo kuu la kimataifa kama zilivyotakiwa. Abiria wakawashiana tochi za simu. Mkuu wa mamlaka ya viwanja akaondolewa kazini. Desemba mwaka huo giza likarudi. Mvua nazo zilileta video za dari zinazovuja na ndoo zilizotegwa sakafuni, mpaka baadhi yetu tukakumbuka ndoo za 2013.

Mwaka 2024 ikajulikana kuwa kampuni moja ya India inajadiliana na serikali kuuendesha uwanja kwa miaka 30 na kuwekeza dola bilioni 1.85 kwa jengo jipya na njia ya pili ya kurukia. Habari zilitoka kwa nyaraka zilizovujishwa mtandaoni. Mahakama Kuu ilisimamisha mpango huo Septemba, wafanyakazi wakagoma tarehe 11 mwezi huo huo, na tarehe 21 Novemba Rais akaufuta mbele ya Bunge.

Uchambuzi: kilichofaulu

Kilichouokoa uwanja ni utengano. Kila kilichokuwa peke yake kilinusurika: mizigo pembeni, safari za ndani kwenye kitengo chao, mnara mbali na ukumbi, maegesho mapya yakiwa jengo la kujitegemea. Waliochora mpango wa miaka ya 1970 hawakuwa wanafikiria moto huu, lakini kutawanya kwao kazi kulilipa miaka 35 baadaye. Kinyume chake, ukumbi wa kuwasili ulikuwa mmoja kwa vitengo vyote vya kimataifa, na ulipokufa vyote vikasimama nao. Nikitembelea mradi wowote siku hizi swali langu la kwanza ni hilo: ni mlango gani hapa ambao ukifungwa kila mtu anasimama? Nairobi yenyewe bado ina jibu moja linalonikosesha usingizi, nalo ni njia ya kurukia. Tairi la ndege moja nzito likipasuka katikati yake, uwanja wote unangoja.

La pili ni lile swali la "nini hasa kimeungua". Jengo liliwaka lakini kazi ilihesabiwa kipande kwa kipande. Hospitali iliyopoteza chumba cha upasuaji haijapoteza kliniki ya wajawazito, na shule iliyoezuliwa bweni haijapoteza madarasa. Wengi hufunga kila kitu kwa hofu, kisha wanashindwa kufungua.

La tatu, amri ilikuwa fupi. Watu wa uhamiaji, forodha, polisi, mashirika ya ndege na mamlaka ya viwanja, ambao kwa kawaida huandikiana barua miezi, waliwekwa mahali pamoja na mwenye uamuzi wa mwisho akiwepo. Ila hapa nina tahadhari. Amri ya Rais ni dawa kali. Ilifaa kwa siku mbili. Haifai kuwa njia ya kawaida ya kupata meza na taa.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Zimamoto ya uwanja wa ndege imeandaliwa kwa ajili ya ndege. Kanuni za kimataifa zinataka magari yafike popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3, yamwage povu, yaokoe watu. Moto wa jengo ni kazi nyingine. Huo huzimwa dakika za kwanza na milango isiyopitisha moto, vinyunyizio vya dari, king'ora kinachosikika na mabomba ya maji yenye presha. Ukishatoka ndani ya chumba kimoja na kuingia kwenye dari lililojaa nyaya, magari hata yakiwa 20 yatakuwa yanaupoza tu. Jengo lililobeba watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake kwa miaka lilikuwa limebadilika ndani bila kinga yake kubadilika kwa kadiri ile ile. Kila duka lililoongezwa lilikuwa na kibali chake. Sioni kwamba palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuvijumlisha vibali vyote.

Kushindwa kukubwa zaidi kulihusu muda. Jengo la dharura halikupewa tarehe ya kufa. Kama 2013 ingeandikwa kwenye sheria au kwenye mkataba wa mkopo kuwa 1E itarudi kuwa maegesho ifikapo mwaka fulani, na kwamba ikishindikana taarifa itolewe Bungeni, pangekuwa na mtu wa kuulizwa. Bila tarehe, kila mwaka una sababu yake nzuri ya kusubiri.

Watu wengi hunitupia mfano wa Dar es Salaam hapa, na ni mfano halali. Jengo la Pili la uwanja wa Julius Nyerere lilifunguliwa 1984 likiwa la abiria milioni 1.2 kwa mwaka, likafurika kama la Nairobi. Mkataba wa Jengo la Tatu ulitiwa saini 2013, mwaka ule ule wa moto wa Nairobi. Kazi ilichelewa, lakini Agosti 2019 jengo la abiria milioni 6 lilizinduliwa. Addis Ababa nayo ilizindua upanuzi wa Bole Januari mwaka huo. Dar haikuwa na fedha zaidi ya Nairobi. Ilichagua jengo la kadiri ya kimo chake, tena kwa awamu, wakati Nairobi iliruka kutoka milioni 2.5 hadi ndoto ya milioni 20 kwa mkataba mmoja. Ndoto kubwa ikivunjika hakibaki kipande cha kutumia. Kama Greenfield ingegawanywa awamu nne, naamini ya kwanza ingesimama hata kama tatu zingefutwa.

Kisha usiri. Mwaka 2013 kila kitu kilifanyika mbele ya kamera, na wananchi waliunga mkono hata usumbufu. Mwaka 2024 mazungumzo yalifanyika kimya, wafanyakazi wakayasikia kwenye simu zao kama watu wengine, na hata hoja nzuri za njia ya pili ya kurukia, ambazo zipo, hazikupata wa kuzisikiliza. Mfanyakazi anayejua kuwa ajira yake inajadiliwa na hajaitwa hatasoma ukurasa wa michoro.

Novemba 2024

Wabunge walishangilia tangazo la kufutwa kwa mpango, na nilielewa kwa nini. Usiku huo ndege ziliendelea kushuka juu ya njia ile moja, iliyosawazishwa kwa mikono ya wafungwa. Abiria waliopitia 1E walichukua mabegi yao chini ya zege lililomwagwa kwa ajili ya magari, wakatoka kuwatafuta jamaa zao waliokuwa wakingoja kwenye kizuizi na maua mikononi.